Sura ya 4: Ekari ya Isongole na Anayeipangia Bei

Barabara ya Isongole inaachana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Mpemba, kabla hujafika Tunduma kwa anayetoka Mbeya. Kutoka hapo inaingia wilaya ya Ileje, inapita takribani kilomita 50 za vilima na mashamba ya mahindi, na kuishia kwenye mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni Malawi, wilaya ya Chitipa. Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na lori lililokwama lingeweza kuziba safari za siku nzima. Siku hizi ni lami mwanzo mpaka mwisho.

Lami hiyo haikuongeza rutuba hata kidogo katika shamba lolote lililo kando yake. Mvua ni zile zile, na anayelima kwa jembe la mkono bado analima kwa jembe la mkono. Hata hivyo, hakuna mwenye ekari karibu na barabara ambaye angekubali leo kuiuza kwa bei ya enzi za vumbi. Ukiuliza ni nini kilichopandisha bei, wengi watajibu: barabara. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi, kwa sababu barabara haikai mezani kupatana na mtu. Wanaopatana ni muuzaji na mnunuzi, na nitaonyesha kwamba ekari moja hiyo hiyo ina bei mbili tofauti vichwani mwao kabla hawajafungua kinywa.

Tuanze na hesabu ya gunia. Mwaka 1826 mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Heinrich von Thünen, alichapisha kitabu kilichotokana na daftari za mapato na matumizi za shamba lake la Tellow. Aliona kwamba thamani ya shamba haiamuliwi na mavuno yake peke yake, bali na kinachobaki baada ya mavuno hayo kusafirishwa hadi sokoni. Mashamba mawili yenye udongo ule ule yanatofautiana kodi kwa sababu moja liko mbali na lingine liko karibu. Hakuwahi kuiona Ileje, lakini mkulima wa Isongole anaielewa hoja yake bila kufundishwa.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme ekari moja inatoa magunia 12 ya mahindi, na gunia linauzwa shilingi 70,000 Tunduma. Wakati wa vumbi, kulifikisha huko kunagharimu shilingi 9,000. Lami inapokuja, gharama inashuka hadi 4,000. Shilingi 5,000 zimebaki kwa kila gunia, ambazo kwa magunia 12 ni shilingi 60,000 kwa msimu, kila mwaka, bila mkulima kuongeza jasho wala mbolea. Katika mwaka wa kwanza huenda sehemu kubwa ikabaki mfukoni mwa mwenye lori. Lakini malori yakiwa mengi, wenye malori hushindana kwa nauli, na wanaotaka kukodi mashamba hushindana kwa kodi. Mwisho wa mashindano hayo sehemu kubwa ya zile 60,000 hutua kwa mwenye ardhi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kitu kisichoweza kuongezwa. Malori yanaweza kununuliwa mengine, vibarua wanaweza kutoka kijiji cha pili, lakini ekari zilizo kando ya barabara ya Isongole ni zile zile.

Sasa tuigeuze kodi kuwa bei. Mtu mwenye fedha zinazoweza kumpa faida ya asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine atajiuliza: kitu kinachonipa shilingi 60,000 zaidi kila mwaka nikinunue kwa kiasi gani? Jibu ni shilingi 600,000. Hicho ndicho kiasi ambacho barabara imeongeza kwenye ekari machoni pake. Anachonunua ni mavuno ya miaka ambayo bado haijafika, akiyalipia leo kwa mkupuo mmoja.

Hapa ndipo bei mbili zinapozaliwa. Mwenye shamba naye ana hesabu yake, lakini fedha kwake si bidhaa ya asilimia 10 kwa mwaka. Anapobanwa hukopa kwenye kikundi, kwa jirani au kwa mfanyabiashara, na asilimia 5 kwa mwezi si jambo la ajabu katika mikopo ya namna hiyo. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwaka. Kwa mtu anayelipa riba ya namna hiyo, shilingi 60,000 za kila mwaka zina thamani ya shilingi 100,000 tu za leo. Si kwamba hajui hesabu. Anaijua vizuri sana, na ndiyo maana anauza. Mbele yake amesimama mnunuzi ambaye kwake kitu kile kile kina thamani ya 600,000. Bei yoyote kati ya laki moja na laki sita itawaridhisha wote wawili siku hiyo, na mahali itakapoangukia kati ya hapo panategemea nani ana haraka. Mwenye mgonjwa hospitalini, mwenye mtoto aliyepangiwa shule na ada haijapatikana, mwenye kesi, mwenye msiba: hao ndio wenye haraka. Mnunuzi anaweza kurudi mwezi ujao.

Kwa hiyo ardhi ya vijijini huelekea kutoka kwa watu ambao fedha kwao ni ghali kwenda kwa watu ambao fedha kwao ni rahisi. Huhitaji hila wala ubaya wa mtu ili jambo hili litokee. Linatokea hata mnunuzi akiwa muungwana na dalali akiwa mkweli. Na linapotokea mara mia, kijiji kinabaki na vijana ambao baba zao walikuwa na ekari kumi kando ya barabara na wao wanakodi ekari moja mlimani.

Ongeza juu ya hapo suala la habari. Barabara haianzi siku greda linapofika. Huanza kwenye ahadi, halafu upembuzi yakinifu, usanifu, bajeti, zabuni, na kila hatua ina watu wanaoijua kabla ya wengine. Thamani ya ardhi hupanda kwa ngazi kadiri mashaka yanavyopungua, na sehemu kubwa ya kupanda huko huweza kutokea kabla lami haijamwagwa. Anayeuza akiwa ameona wapima ardhi wakipita na vyombo vyao bila kujua wanachopima, amemuuzia mwenzake barabara kwa bei ya njia ya ng'ombe. Mwaka 1879 Mmarekani Henry George aliandika kitabu kizima kuhusu ongezeko la namna hii, ambalo mwenye ardhi halifanyii kazi bali linaletwa na jamii nzima. Alitaka litozwe kodi na kurudishwa kwa wote. Mimi sidai hilo kwa Ileje. Ninachodai ni kidogo zaidi: barabara iliyojengwa kwa fedha za umma inapoongeza thamani ya ardhi, aliyeilima miaka thelathini anastahili kuijua habari hiyo kabla ya mgeni.

Lami nayo ina upande wake wa kuchukua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za zamani. Alama ya X nyekundu ukutani inajulikana nchi nzima. Mtu anayenunua kipande kinachogusa lami kwa kudhani amepata dhahabu huenda amenunua mita kadhaa ambazo hawezi kuweka hata kibanda. Kipande kilicho mita 50 kurudi ndani kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kile kinachogusa mtaro.

Kuna hatua nyingine ambayo hubadilisha bei kwa ghafla kuliko zote: siku shamba linapoanza kuitwa kiwanja. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukiikata vipande vya mita 20 kwa 20 na kuacha njia za kupita, unapata viwanja vinane au tisa. Shamba huuzwa kwa kuangalia mahindi yatakayotoka humo. Kiwanja huuzwa kwa kuangalia duka, nyumba ya kupanga au gereji itakayosimama hapo. Isongole, yenye forodha na iliyo jirani na Itumba, makao makuu ya wilaya, ina sehemu ambazo mahindi hayawezi kushindana na mlango wa duka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takribani milioni moja katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.34. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wanajenga kuzunguka miji ya barabarani. Mwenye shamba anayeuza kwa ekari mahali ambapo mnunuzi anawaza kwa mita, anauza vitu vinane kwa bei ya kimoja.

Na ekari yenyewe hupimwaje? Katika vijiji vingi vya Tanzania bado ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho si cha ovyo, kwa sababu ekari yenye umbo la mraba ina upande wa yadi takribani 70, na hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu yadi moja, yaani sentimita 91. Lakini hatua ya nani? Mtu mrefu akitembea kwa hatua ya mita moja anapata mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari kwa moja ya tano. Mnunuzi akija na mpimaji wake mwenye miguu mirefu, muuzaji ametoa ekari na robo pungufu kidogo kwa bei ya ekari. Kamba ya mita 50 inauzwa dukani kwa bei ndogo kuliko hasara hiyo.

Kuhusu rutuba nitasema machache, kwa kuwa wakulima wa Ileje wanaijua kuliko mimi. Wilaya ina sura mbili: Bundali kwenye milima yenye ubaridi na mvua, na Bulambya chini, iliko Isongole. Kahawa na maharage hupenda juu. Udongo mzuri una bei yake, kama alivyoeleza Mwingereza David Ricardo mwaka 1817: kodi ya shamba bora ni tofauti ya mavuno yake na ya lile shamba baya kuliko yote yanayolimwa. Ila kuna ardhi moja nzuri ambayo bei yake ina mtego. Mabonde ya kandokando ya mito, yenye unyevu wa kulima mboga kiangazi, hutamaniwa sana, na ndiyo ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeyawekea mita 60 kutoka ukingo wa mto bila shughuli za kudumu au zinazodhuru hifadhi. Anayenunua bonde la namna hiyo amenunua uvumilivu wa serikali, na uvumilivu hauandikwi kwenye karatasi ya mauziano.

Sheria ndiyo inayofuata, na hapa msomaji anapaswa kujua kwamba kwa muda mrefu ekari ya kijijini haikuwa na bei kabisa machoni pa dola. Kuanzia sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1923, na kwa miaka mingi baada ya uhuru, kilichohesabiwa kuwa na thamani ni maendelezo: nyumba, miti, mazao. Ardhi tupu ilikuwa bure. Wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, watu walihamishwa, na mashamba ya baadhi yao yakagawiwa wengine. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Kisha katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiwezi kuishia kwenye maendelezo peke yake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikakubali kuwa ardhi ina thamani, na Sheria ya Ardhi pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikaliandika hilo. Kwa hiyo mkulima anapotwaliwa shamba leo kwa mradi wa umma, anayo haki ya kudai bei ya soko ya ardhi, pamoja na posho za usumbufu na usafiri. Watu waliopigania jambo hilo waliwapa wakulima wa nchi hii kitu kikubwa kuliko mradi wowote wa mbolea.

Ila bei ya soko inatoka wapi? Mthamini huangalia mauzo ya karibuni ya mashamba jirani. Mauzo hayo yakiwa ni ya watu wenye haraka, au yameandikwa kwa kiasi cha chini ili kukwepa ushuru wa kijiji na kodi, bei hiyo duni inageuka kuwa kipimo cha fidia ya kijiji kizima. Jirani anayeuza kwa siri leo ameshusha fidia ya mwenzake ya miaka mitano ijayo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila mtu na shamba lake.

Ardhi ya kijiji pia haina soko huru, na hilo si kosa. Kumhamishia haki ya kimila mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na sheria inaikataza halmashauri kupitisha uhamisho utakaovunja haki ya mwanamke juu ya ardhi. Masharti haya hupunguza idadi ya wanunuzi, na wanunuzi wachache ni bei ndogo. Vijiji vingi huongeza na asilimia fulani ya mauzo, mara nyingi kumi, jambo linalowafanya baadhi ya watu waandikishiane gizani kwa mashahidi wawili na dole gumba. Shamba lililonunuliwa hivyo linabeba kesi ndani yake, na kesi hushusha bei kuliko udongo mbaya. Kaburi nalo hubadilisha mazungumzo. Kuna familia ambazo hazitauza ekari yenye kaburi la babu kwa fedha yoyote, na kwa nionavyo mimi ni haki yao. Soko linaloshindwa kununua kila kitu halijaharibika.

Isongole ina jambo lake zaidi ya vijiji vya ndani: mpaka. Watu wa kabila la Walambya wako pande zote mbili za Songwe, wana lugha moja na udugu mmoja, na wanaoana. Lakini haki ya kimila ya ardhi ya kijiji cha Tanzania ni ya raia wa Tanzania. Shemeji wa Chitipa mwenye fedha na anayejua kulima udongo ule ule hawezi kuingia kwenye mnada. Mto umekata soko la ardhi vipande viwili, huku soko la mazao likivuka kila siku. Na hata hilo la mazao huvuka kwa ruhusa. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na mikoa ya nyanda za juu kusini, inayozalisha zaidi ya inavyokula, ndiyo iliyoumia kwa bei. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kuingia kutoka nje, ukiwemo unga, mchele na ndizi. Mwishoni mwa Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha siku chache baadaye ikaondoa zuio kwa ajili ya mazungumzo. Kila amri ya namna hiyo hugusa bei ya ekari, kwa sababu mnunuzi anayelipia mavuno ya miaka ishirini ijayo anajua kwamba mlango wa kuyatolea unaweza kufungwa asubuhi moja. Mkulima wa mpakani ana masoko mawili, na ana serikali mbili zinazoweza kumfungia. Ukitaka ardhi ya Isongole ipande thamani kwa faida ya wanaoilima, kutabirika kwa mpaka kuna uzito sawa na lami.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na ekari kando ya barabara hii au nyingine inayofanana nayo, na shida ikagonga hodi, jaribu kukodisha kabla ya kuuza. Kodi ya misimu mitatu inayolipwa mbele inaweza kulipa ada au hospitali, na shamba likarudi. Kama lazima uuze, uza sehemu, pima kwa kamba, ulizia Wakala wa Barabara (TANROADS) na ofisi ya ardhi ya wilaya kuna mpango gani katika eneo lako, mwenza wako aridhie kwa maandishi, na jambo lipite kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari kwa kiasi halisi kilicholipwa. Na nyinyi viongozi wa vijiji vya Ileje, bandikeni kwenye mbao za matangazo mwaka hadi mwaka: ekari ngapi zimeuzwa, wapi, kwa bei gani. Kazi hiyo inahitaji karatasi moja na misumari minne.